Boti Zilizopita Nchi Kavu

Sisi watu wa Bukene hatuna bahari wala ziwa. Tuna visima, tuna malambo ya kunyweshea ng'ombe, na tuna mito ya msimu ambayo wakati wa masika huvimba kwa majuma machache, kisha kiangazi hubaki mchanga mtupu. Kwa hiyo mtu wa Tanga au wa Kilwa akisikia kwamba mtu wa Bukene amekaa mbele ya kipaza sauti kuzungumzia namna ya kufunga vyombo gatini, nafahamu atacheka. Namwomba asubiri kidogo. Boti za Kizungu zilizotangulia kuelea katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, katika karne ya 19, hazikufika huko zikielea. Zilipita nchi kavu, zimekatwa vipande, juu ya mabega ya watu, na katika watu hao Wanyamwezi hawakukosekana.

Kitu ninachotaka kukizungumzia leo ni kidogo. Ukipanda boti yoyote ndogo, iwe Mwanza au Dar es Salaam, tazama sitahani, upande wa omo na upande wa tezi. Utaona kipande cha chuma, au cha mti mgumu, kimekazwa hapo. Kina kitako kifupi na pembe mbili zilizolala, moja huku na moja kule, mfano wa pembe za ng'ombe aliyeinamisha kichwa. Hapo ndipo inapofungwa kamba iendayo gatini. Waingereza wana jina lake, na mataifa mengine yana majina yao. Sisi katika Kiswahili cha magazetini bado hatujaelewana juu ya jina moja, basi kwa leo nitakiita pembe mbili.

Kazi ya pembe mbili si kuikaba kamba. Kazi yake ni kuipa kamba mahali pa kujizungushia. Wafugaji wa kwetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Dume la ng'ombe likikasirika, vijana wanne hawawezi kulizuia kwa kamba. Lakini kijana mmoja akiizungusha kamba ileile mara mbili kwenye shina la mkwaju, analisimamisha dume huku ameshika ncha kwa mkono mmoja. Kinachoshika ni mkwaruzo wa kamba na gome la mti. Mswisi mmoja, bingwa wa hesabu aliyeitwa Leonhard Euler, alilipigia hesabu jambo hili katika karne ya 18, akaonyesha kwamba kila mzunguko unaoongezwa huizidisha nguvu iliyokwishapatikana. Kama mzunguko wa kwanza unaizidisha nguvu ya mshikaji mara nne, wa pili unaifikisha mara 16, na wa tatu mara 64. Ndiyo maana baharia hodari hapigi mafundo mengi. Anaipitisha kamba kwenye kitako, akianza na ile pembe iliyo mbali zaidi na upande kamba inakotoka. Anaikatisha kwa umbo la tarakimu nane mara moja au mbili. Anamalizia kwa kitanzi kimoja kilichopinduliwa, basi. Kamba inashika, na siku ya hatari inafunguliwa mara moja, hata kama imelowa. Lakini fundo juu ya fundo, likishalowa na kuvutwa usiku kucha, halifunguki ila kwa kisu.

Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na akili hiyo karne nyingi kabla ya chuma kuwa rahisi kupatikana. Mtepe, chombo kile cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, haukuwa na mahali pa kukazia vyuma. Katika vyombo vya namna hiyo kamba ilifungwa kwenye maboriti yaliyopita ubavu hadi ubavu, au kwenye shina la mlingoti, yaani kwenye mifupa ya chombo chenyewe. Na kamba nene ya nanga, ile iitwayo amari, ilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Kamba ya makumbi haina nguvu kuliko zote, lakini huelea, haiogopi maji ya chumvi, na hunyumbuka wimbi likiivuta. Kunyumbuka huko ni jambo kubwa. Upepo unaovuta sawasawa mara nyingi haudhuru; kinachong'oa vifungio ni mshituko wa chombo kurudi nyuma na mawimbi na kukatizwa ghafla na kamba ngumu.

Sasa tupande bara. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, mahali ambapo wageni wa mwanzo walipaita Kaze. Hapo iligawanyika: tawi moja likaenda Ujiji, na jingine likaelekea kaskazini, kupitia nchi za Wanyamwezi wa upande wetu, mpaka Ziwa Victoria na Karagwe. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili. Merikani, shanga na waya vilipanda. Pembe za ndovu zilishuka. Watumwa nao walishuka, wengine wakiwa na kongwa au mnyororo shingoni. Nisipolitaja hilo, nitakuwa nasimulia habari za kamba na nusu yake nimeificha.

Tatizo la boti ni kwamba haigawanyiki frasila mbili mbili. Richard Burton na John Speke walipojiandaa kuingia bara mwaka 1857 walikuwa na boti ya chuma ya vipande, jina lake Louisa. Wakaiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Mwaka uliofuata waliona gharama yake. Ujiji walitegemea mitumbwi ya kukodi, kwa bei na masharti ya wenyewe. Julai 1858 Speke akamwacha Burton Tabora, akaenda kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa Mwanza, amesimama kilimani, ziwa lote liko mbele yake. Hakuwa na chombo cha kumvusha hata Ukerewe. Alitazama, akageuka, akarudi Tabora kusema kwamba ameona chanzo cha Mto Naili. Burton hakusadiki, na mabwana wa London wakagombana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi.

Aliyekuja kulizunguka ziwa ni Henry Morton Stanley, na yeye boti yake hakuiacha pwani. Iliitwa Lady Alice, kwa heshima ya msichana wa Kimarekani aliyekuwa mchumba wake. (Msichana huyo aliolewa na mwingine Januari 1876, Stanley akiwa bado porini na boti yenye jina lake, hajui kitu.) Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, na ilitengenezwa katika vipande vitano na fundi James Messenger wa Teddington, kando ya Mto Thames. Vilipopimwa Zanzibar ikaonekana kipande kimoja kina ratili 280 na zaidi, ambao ni mzigo wa wapagazi wanne. Njia za porini haziwapitishi watu wanne sambamba, kwa hiyo ikabidi vipande vigawanywe upya.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, watu 356. Wabeba boti walichaguliwa mmoja mmoja, watu wa miraba minne. Walilipwa zaidi ya wenzao na waliruhusiwa kwenda na wake zao. Hawakupita Tabora. Kutoka Ugogo walikata kaskazini-magharibi, wakapigana vita kwa Wanyaturu, wakapita Iramba na Usukuma, mashariki ya kwetu, na tarehe 27 Februari 1875 wakatua mizigo Kagehyi, kusini mwa ziwa.

Boti ikaungwa. Stanley akauliza nani atajitolea kwenda naye majini. Kimya. Hakuna aliyejitokeza, kwa maana hadithi za ziwa hilo zilikuwa zimekwisha kuwafikia. Ikabidi wateuliwe watu 11, nahodha wao akiwa Safeni, na tarehe 8 Machi wakang'oa nanga.

Hapa ndipo linapoanza jambo ambalo vitabu hulipita mbio. Kamba ya kufungia chombo ina ncha mbili. Ncha moja hufungwa kwenye boti, na fundi wa Teddington alikuwa amelitengeneza hilo vizuri. Ncha ya pili hufungwa nchi kavu. Katika pwani yote ya Ziwa Victoria ya mwaka 1875 hapakuwa na gati, wala nguzo ya chuma, wala pete ukutani. Wenyeji hawakuvihitaji, maana mitumbwi yao, hata ile mikubwa ya Waganda iliyoshonwa kwa mbao, ilivutwa na kulazwa mchangani. Basi Lady Alice ilipofika pwani, penye mti ilifungwa mtini, pasipo mti ilishikwa na watu. Mtu aliyeshika kamba, miguu imezama mchangani, ndiye aliyekuwa gati.

Tarehe 28 Aprili 1875, huko Bumbire, kisiwa ambacho leo kiko katika wilaya ya Muleba, jambo hilo liligeuka hatari. Watu wa kisiwa waliishika boti yenyewe, wakaivuta kutoka majini mpaka nchi kavu, hatua kama 20, Stanley na mabaharia wake wakiwa ndani. Makasia yakachukuliwa. Baada ya majadiliano marefu yasiyofika popote, mabaharia waliisukuma boti kwa nguvu zao zote mpaka ikaingia majini, wakang'oa mbao za ndani ya boti, wakazitumia kama makafi. Stanley alipiga risasi na kuua. Agosti ya mwaka huohuo akarudi na mitumbwi mingi na bunduki nyingi, akaua makumi ya watu kutoka majini, watu waliokuwa na mishale na mikuki ambayo haikuweza kumfikia. Hata huko kwao Ulaya walikuwako waliomshutumu, na mimi naungana nao.

Nguvu ya kamba na ya mikono ilionekana zaidi katika Mto Kongo. Baada ya kulizunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876, boti ilibebwa tena mpaka Nyangwe na kushushwa mtoni. Miezi ya Machi hadi Julai 1877 iliwakuta katika maporomoko ya sehemu ya chini ya mto huo. Vyombo vilipitishwa ama kwa kuburutwa juu ya majabali, ama kwa kuteremshwa majini polepole, watu wakiwa ukingoni wameshika kamba zilizofungwa omo na tezi. Kamba nyingine zilikuwa za fito za porini zilizosokotwa, kwa sababu za dukani zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa Aprili, Stanley na mabaharia kadhaa wakiwa ndani, kamba moja ilikatika. Boti ikachomoka kama mshale, ikaingia katikati ya maji yanayochemka, ikapita poromoko zima. Walipona. Poromoko hilo lilipewa jina la boti.

Wengi hawakupona. Kalulu, kijana ambaye Stanley alikuwa amemsomesha Uingereza, alizama mwezi Machi. Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki naye, alizama tarehe 3 Juni. Mtu aliyeokoa wengine mara nyingi kuliko wote alikuwa Uledi, nahodha wa Lady Alice wakati huo, aliyekuwa akijitupa majini kuwatoa wenzake. Stanley mwenyewe amemsifu sana kitabuni. Hata hivyo nimezunguka miji yetu mingi, na sijaona mtaa uliopewa jina la Uledi. Boti yenyewe iliachwa juu ya majabali mwisho wa Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, baada ya kubebwa na kusafirishwa kutoka Bahari ya Hindi mpaka karibu na Atlantiki. Waliorudi Zanzibar hawakufika nusu ya walioondoka.

Boti ya pili nitaisimulia kwa ufupi. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS walileta yao, Daisy, nayo kwa vipande, na mwaka 1877 ikawavusha wa kwanza wao mpaka Buganda. Alexander Mackay, fundi Mskochi, alipofika Kagehyi Juni 1878, aliikuta imeoza na kuliwa na mchwa. Ziwani inaogopwa dhoruba; Usukuma na Unyamwezi, boti iliyolazwa nchi kavu huliwa na wadudu kabla ya kuuona upepo. Akaitengeneza, akasafiri Agosti, dhoruba ikamtupa pwani ya magharibi na kuivunja. Hapakuwa na bandari ya kukimbilia. Mackay akakata sehemu ya katikati iliyovunjika, akaunga omo na tezi, akapata boti fupi, akaendelea nayo mpaka Entebbe. Ilimchukua wiki nane kufanya kazi hiyo, akiwa kwenye pwani ya watu asiowajua.

Na yupo mwingine aliyekuwa jirani yetu zaidi. Charles Stokes, mtu wa Ireland, alikuja kama msaidizi wa wamisionari, akaacha kazi hiyo akawa mfanyabiashara, akamwoa Limi, wa jamaa ya mtemi Mitinginya wa Usongo, katika Unyamwezi ya kaskazini. Misafara yake ilikuwa ya Wanyamwezi watupu, na boti yake ilikuwa ziwani. Mwaka 1889 Kabaka Mwanga, aliyekuwa amefukuzwa kwao na kukimbilia kusini mwa ziwa, alirudishwa Buganda kwa boti hiyo. Bandari ya Stokes, ukipenda, ilikuwa Usongo: huko ndiko kulikokuwa na ghala, wapagazi na chakula cha safari, mwendo wa siku nyingi kutoka majini. Januari 1895 afisa mmoja wa Dola ya Kongo alimnyonga bila kesi ya maana, na Waingereza wakalalamika sana.

Reli ilipokuja, mabega yalipumzika. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu yake ilipita meli nzima: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku 5,000. Iliteremshwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha kwa makusudi, baada ya kuzipaka mashine grisi. Waingereza wakaizamua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Watu husimulia vita vyake na umri wake. Mimi hufikiria masanduku yale. Ndani ya mojawapo, bila shaka, mlikuwa na vile vishina vya chuma vya kufungia amari, vimezungushiwa majani makavu visikwaruzwe, vikapita Tabora usiku watu wamelala.

Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza, na njiani kukawa na stesheni ya Bukene. Sisi tuliozaliwa huko tuliijua dunia kupitia mabehewa. Katika miaka ya sabini, tukiwa watoto wa kuuza karanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria, lilipita behewa wazi lenye boti ndogo mpya, imefungwa kwa minyororo, inakwenda ziwani. Treni ilikaa sana siku hiyo. Tukaizunguka boti, na kilichotushangaza zaidi ni zile pembe mbili zilizong'aa kwenye omo. Mmoja akasema ni za kumfungia mbuzi wa nahodha. Mwingine akasema ni za kushikia wakati wa kusali. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi bandarini ujanani akatwambia, "Wajukuu zangu, hizo ni mikono ya boti. Ikifika Mwanza itaitoa, imshike gati." Tukacheka. Alituonyesha kwa kamba ya kuni jinsi ya kuifunga, nane moja na kitanzi, kwenye kitasa cha behewa, na akatupa zamu kila mmoja mpaka filimbi ikalia.

Pembe mbili zile za kisasa, zenye kitako chenye uwazi katikati na kukazwa kwa bolti nne, hasa zilienezwa na muundaji boti wa Marekani, Nathanael Herreshoff, wa mji wa Bristol katika jimbo la Rhode Island, aliyeishi tangu 1848 mpaka 1938. Jimbo hilo linapakana na Massachusetts, ambako kuna bandari ya Salem. Na ni wafanyabiashara wa Salem walioleta Zanzibar ile nguo ya merikani ambayo Wanyamwezi walilipwa kwa kubeba mizigo. Sidhani Herreshoff aliwahi kusikia jina la Unyamwezi.

Umbo lake halina kasoro. Kasoro iko katika namna tunavyolikaza. Nimetazama boti nyingi za abiria na za uvuvi, za mbao na za fiberglasi, na mara kwa mara nimekuta pembe mbili nzuri za kununuliwa zimeshikizwa kwa skrubu fupi mbili au tatu juu ya ubao mwembamba. Kwa macho zinapendeza. Siku ya upepo wa kusini, boti inaporuka gatini, zinang'oka na kipande cha ubao, na chuma kile kikiwa kwenye ncha ya kamba ya nailoni iliyotanuka huruka kama jiwe la teo. Kinachotakiwa ni bolti zinazopenya sitaha mpaka chini, na huko chini ubao mnene au bamba la chuma, ndipo nati zikazwe, ili mvuto usambae. Na ukubwa nao una kipimo: kamba ya milimita 12 inataka pembe mbili za urefu wa sentimita 20 hivi. Kamba nene kwenye pembe fupi haipati nafasi ya kuzunguka, na yule kijana wa Bukene na dume lake angekwambia maana yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo mbele ya misiba tuliyoiona. Hapa nataka kuwa mwangalifu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Kilikuwa kimepewa idhini ya kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Kamba haingewaokoa, kwa sababu chombo kilikuwa hakijafika pa kufungwa, na kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Lakini mtu yeyote aliyesafiri kwa vivuko na mitumbwi yetu anazijua zile dakika za mwisho. Nchi kavu inaonekana, jamaa wanapungiana mikono, kila mtu anasimama, anachukua mzigo wake na kusogea upande mmoja ili awe wa kwanza kushuka. Chombo hakijashikwa na kitu, na hapo ndipo uzito wote unahamia ubavuni. Katika bandari zenye utaratibu mlango haufunguliwi, na abiria hawaruhusiwi kuinuka, mpaka kamba ya omo na ya tezi zimekwisha kufungwa na baharia amepaza sauti. Dakika tatu au nne za kukaa kitako. Kwetu baharia akijaribu kuwakalisha watu, anatukanwa, na aliye na haraka zaidi huruka kabla ya kamba.

Kule Kagehyi mwaka 1875 hapakuwa na namna nyingine. Aliyeruka kwanza alikuwa ndiye mshika kamba. Leo gati lipo, nguzo ipo, kamba ipo, na bado katika vituo vingi vya visiwani nimewaona vijana wakiisimamisha boti kwa kuikumbatia omo, maji kiunoni, akina mama wakishuka na watoto mgongoni. Vijana hao hulipwa kwa samaki, au hawalipwi. Siku wimbi likiwazidi, boti huwabana dhidi ya mawe. Halmashauri inayoweza kujenga choo na kibanda cha tiketi mwaloni haishindwi kusimika nguzo mbili za chuma zilizojazwa zege, na gharama zake hazifikii posho za kikao kimoja cha kuzijadili.

Baada ya mazungumzo haya kusomwa redioni, nahodha mstaafu wa Pangani ameniandikia barua. Anasema amenisikiliza mpaka mwisho ingawa mimi ni mtu wa bara, na kwamba katika miaka yake yote ya jahazi hakuwahi kuwa na pembe mbili. Amari yake aliifunga kwenye mlingoti. Kuhusu jina la Kiswahili hana ushauri, ila anauliza kama ni kweli kwamba huko Bukene dume husimama kwa mizunguko miwili tu, maana yeye kwa mashua ya tani tano alihitaji mitatu.